Rabai: Kasisi Jones na Kanisa la Watoro

Mtajie Rabai mtu yeyote aliyesomea Kenya, atakujibu Krapf na Rebmann kabla hujameza mate. Majina hayo yako vitabuni, nyumba zao zimehifadhiwa pale kilimani, na kila Kanisa Anglikana linapokumbuka mwanzo wake katika Afrika Mashariki hurudi kwao. Sina ugomvi na hilo. Wajerumani hao walifika, wakaugua, wakavumilia, na maandishi yao kuhusu Kiswahili na lugha za Wamijikenda yangali na faida. Ila ukihesabu watu badala ya vitabu, utakuta kwamba kanisa la Rabai halikujaa mikononi mwao. Lilijaa mikononi mwa Myao aliyetekwa utotoni, akavushwa bahari hadi India, akarudi akiwa na jina la Kiingereza. Na waliolijaza walikuwa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Mtu huyo ni William Henry Jones, na historia ya kituo cha Rabai ikisimuliwa kwa haki, yeye ndiye wa kupewa kurasa nyingi.

Tuanze walipoanzia wengine, lakini tusikawie. Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Julai mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Johannes Rebmann akamfuata Juni 1846, na Agosti mwaka huo wakapanda Rabai, wote wawili wakiwa na homa, wakipokezana punda mmoja. Wazee wa Rabai waliwapa ruhusa ya kukaa. Kilima kilikuwa na hewa nzuri kuliko kisiwani, na mtu angeweza kufika karibu kwa mashua kupitia mkono wa bahari unaoingia Jomvu, kisha akamalizia kwa miguu.

Kilichofuata kinajulikana. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro una theluji, na mabingwa wa jiografia huko London wakamcheka. Desemba 1849 Krapf naye akauona Mlima Kenya. Wakristo, hata hivyo, hawakupatikana kwa kasi hiyo. Wa kwanza kubatizwa alikuwa mlemavu mmoja aitwaye Mringe, naye alibatizwa akiwa karibu na kufa. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki. Alikaa miaka 29 bila kwenda kwao hata mara moja, akikusanya maneno ya lugha, mpaka macho yakamwisha. Sir Bartle Frere alipopita Mombasa mwaka 1873, katika ile safari ya kumshinikiza Sultani Barghash afunge soko la watumwa la Unguja, alimkuta mzee huyo karibu kipofu, na waumini wake wakiwa wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1875 Rebmann alirudi Ujerumani akishikwa mkono na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, mwana wa Abe Gunja ambaye alikuwa miongoni mwa waumini wa mwanzo kabisa. Mwaka uliofuata akafariki. Ningependa kuona siku moja sanamu ya Nyondo pale Rabai, kwa sababu naye alikuwa mmisionari wa namna yake, aliyesafiri kwa mwelekeo wa kinyume.

Jones alikuwa amekwisha kufika kabla ya hapo. Yeye na mwenzake Ishmael Semler, Myao vilevile, walitua Rabai mwaka 1864 pamoja na wake zao kumsaidia Rebmann. Walikuwa wametoka Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, si mbali na Bombay. Huko CMS ilikuwa na makao ya watoto wa Kiafrika waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka katika majahazi ya watumwa. Makao hayo yalifundisha kusoma, Biblia, na kazi za mikono, na Jones alitoka na ufundi wa uhunzi. Vijana wa huko walitapakaa kwa namna ya ajabu. Baadhi yao walikuwa katika msafara uliouleta mwili wa David Livingstone pwani. Jacob Wainwright aliusindikiza hadi kaburini London mwaka 1874, na Matthew Wellington, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Chengwimbe, aliishia Mombasa na kufariki huko mwaka 1935.

Pwani waliitwa Wabombei, kwa ule mji walikopitia. Walivaa suruali na koti, waliongea Kiingereza, Kiswahili na hata Kihindi, walijua ufundi na walijua kusoma. Kwa Warabai walikuwa wageni, na kwa Waswahili wa Mombasa walikuwa watumwa wa jana. Wazungu waliowaajiri nao walitaka wawe wasaidizi na wabaki kuwa wasaidizi. Mtu wa namna hiyo hana kwao pa kurudi. Mafanikio yake yote yanategemea watu atakaowakusanya mwenyewe.

Baada ya ziara ya Frere, CMS ilimtuma William Salter Price, aliyekuwa mkuu wa kazi ile ya Nasik, aje kuanzisha makazi ya mateka, yaani watumwa waliookolewa baharini. Mwaka 1875 ardhi ilinunuliwa Kisauni, makazi yakapewa jina la Frere Town, na Wabombei wapatao 150 wakaja kuwa walimu, mafundi na wasimamizi. Kengele yake ingali inaning'inia pale njia panda ya Nyali, mahali ambapo makondakta wa matatu hupaita Kengeleni kila siku bila kufikiria ni kengele gani.

Frere Town ilipokea mateka kwa idhini, kutoka manowari, kwa orodha. Rabai ikawa kitu kingine. Biashara ya watumwa baharini ilipobanwa, mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi hayakuacha kulimwa na watumwa. Ila sasa mtumwa alijua kwamba kuna mahali ambapo waliokuwa kama yeye wanaishi huru. Wengi walikimbilia msituni, nyuma ya Giriama, wakaanzisha vijiji vyao wenyewe. Wengine walikimbilia misheni: Ribe na Jomvu kwa Wamethodisti, na Rabai kwa Waanglikana. Kwa sheria ya nchi, iliyokuwa chini ya Sultani wa Unguja, mtoro alikuwa mali ya mtu, na kumficha kulikuwa sawa na kupokea mali ya wizi. CMS nayo ilijua hivyo na iliwakataza watu wake kuwapokea. Mwaka 1880 watu wa Mombasa walitishia kuishambulia Frere Town kwa sababu ya jambo hilihili.

Katika miaka ya 1880 Rabai ilikuwa mikononi mwa Jones kwa shughuli zote za kila siku. Katazo la chama lilikuwa linafika kwa barua. Watoro walikuwa wanafika kwa miguu. Mtu akija usiku akiwa na mke, mtoto na jembe, hakuna barua inayoweza kumjibu. Alionyeshwa mahali pa kujenga kibanda na kiwanja cha kulima mihogo na mahindi, na yeye mwenyewe akapokea desturi za mahali: sala, darasa la ubatizo, na Jumapili ya kutolima. Aliyebatizwa alipata jina jipya, na kwa mwenye shamba aliyekuja kumtafuta, jina jipya lilikuwa kizuizi cha kwanza. Ilipokuja njaa kali ya mwaka 1884, iliyoikumba pwani na Taita, watu wa kukimbilia Rabai hawakuwa watoro peke yao.

Ndipo alipokuja askofu. James Hannington aliwekwa wakfu mwaka 1884 kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Afrika Mashariki ya Ikweta, jina refu la eneo lisilojulikana mipaka. Alifika Mombasa Januari 1885, na Mei mwaka huo akawapa Jones na Semler daraja la ushemasi, hatua ambayo haikuwahi kumfikia Mwafrika yeyote wa kanisa hilo katika sehemu hii ya pwani. Hannington alikuwa mtu wa haraka. Hakutaka kufika Uganda kwa njia ndefu ya kusini iliyoanzia pwani inayoikabili Unguja na kupita Mpwapwa hadi kusini mwa Ziwa Victoria. Alitaka kukata moja kwa moja kupitia nchi ya Wamasai, njia ambayo Joseph Thomson alikuwa amerudi akiisifu hewa yake. Akamchukua Jones.

Tarehe 23 Julai 1885 msafara wenye wapagazi kama 200 uliondoka Rabai. Ulipita Taita, Ukambani, ukaingia Ukikuyu ambako kununua chakula kulikuwa kama vita, ukashuka Bonde la Ufa, ukapanda tena hadi Kavirondo. Ilichukua karibu miezi mitatu kufika Kwa Sundu, mji wa watawala wa Wanga ambao leo tunauita Mumias. Hapo askofu aliamua kutangulia na watu 50 tu, mnamo katikati ya Oktoba, akamwacha Jones na kundi kubwa lililobaki. Uamuzi huo ulimponya Jones na ukawaua karibu wote waliochaguliwa. Hannington hakujua kwamba Wajerumani walikuwa wamekwisha kuleta manowari zao Unguja miezi miwili kabla, habari ikafika Buganda, na kwamba huko mgeni aliyeingia kwa mlango wa mashariki, kupitia Busoga, alionekana kuwa mtangulizi wa maadui watakaoila nchi. Alikamatwa, akafungiwa siku kadhaa, na tarehe 29 Oktoba, kwa amri ya Kabaka Mwanga, akauawa pamoja na watu wake. Waliosalimika walikuwa wanne.

Wasomaji wa Uingereza walimlilia askofu, na wamemlilia hadi leo. Mimi namfikiria shemasi aliyeachwa Kwa Sundu. Ana umri wa miaka arubaini na kitu, ushemasi wake una miezi mitano. Ana watu zaidi ya mia wanaotaka kula kila siku katika nchi ya watu. Anaandika shajara. Mapema Novemba manusura wanaanza kuingia na habari ambazo hakuna aliyetaka kuziamini. Wengine wanasema askofu yu hai, wengine wamemwona akichukuliwa. Kurudi mapema ni kumtelekeza mkubwa wake ikiwa bado anapumua. Kuchelewa ni kuwaweka wote hatarini ikiwa Mwanga ataamua kumaliza waliobaki. Jones alingoja takriban mwezi mmoja, kisha akageuza msafara. Hakuna mzungu hata mmoja aliyekuwa pamoja nao. Mamia ya maili kupitia nchi zilezile zilizowasumbua walipokuja, akawarudisha watu.

Waliingia Rabai mwanzoni mwa Februari 1886. Mbele kabisa alikuja mtu mmoja amebeba bendera ya buluu, na juu yake maandishi meupe: Ikabodi. Kila aliyepita darasa la ubatizo pale alijua jina hilo ni la mtoto gani katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, na mama yake alimpa jina hilo baada ya kupata msiba gani. Ndipo wakafuata wapagazi, wamedhoofu, nguo zimechanika. Baadhi yao walikuwa wametoka Rabai na Frere Town, na wake zao walikuwa njiani wanatafuta nyuso. Kazi ya Jones jioni hiyo ilikuwa ile ambayo kasisi yeyote anaijua: kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wajane. Kwa askofu limejengwa kanisa kuu la kumbukumbu Mombasa, lililowekwa wakfu mwaka 1905. Mwaka 1892 masalia yake yalizikwa upya Namirembe. Wapagazi waliokufa naye hata majina yao hayafahamiki kwa wengi, ingawa Kanisa la Uganda huwakumbuka kama wenzi wake.

Jones alirudi kazini, na watoro waliendelea kuja. Hapa ndipo historia ya Rabai inapofikia kilele chake, na cha ajabu ni kwamba aliyesababisha kilele hicho hakuwa mtu wa kanisa. Oktoba 1888 kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa ilimleta George Mackenzie Mombasa kuanza kutawala pwani iliyokodishwa kutoka kwa Sultani. Alikuta mji umechafuka. Upande wa kusini, katika pwani iliyokabidhiwa Wajerumani, Abushiri alikuwa amekwisha kuwasha moto wa vita, na matajiri wa Mombasa walikuwa wanauliza kwa hasira watumwa wao wako wapi. Vituo vya misheni vilipekuliwa. Wakapatikana watoro wapatao 1,400 katika vituo vyote, na wengi wao walikuwa Rabai. Price, ambaye alikuwa amerudi tena Mombasa wakati huo, alifadhaika. Chama kilikuwa kimekana mara kwa mara kwamba kinawaficha watoro, na sasa idadi ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Lawama ikamshukia Jones.

Binafsi siamini kwamba Wazungu wa misheni hawakujua kitu. Kijiji hakiongezeki hivyo bila mkubwa wake, anayepita kila mara kukikagua, kushangaa moshi wa majiko. Kilichokuwa rahisi kwao ni kuacha Mwafrika ajue kwa niaba yao, na siku ya kuulizwa ikifika, ajibu yeye.

Mackenzie alikuwa mfanyabiashara, akatatua jambo kwa njia ya mfanyabiashara. Kuwarudisha watu hao mashambani kungeleta kelele kubwa Uingereza. Kuwaacha bila fidia kungeleta vita Mombasa. Akaamua kuwalipa wenye mali. Zilikusanywa karibu pauni 3,500: nyingine za kampuni, nyingine za serikali ya Uingereza, nyingine za marafiki wa misheni. Wenye watumwa waliitwa, madai yakaandikwa, kila jina la mtoro likawekwa mbele ya jina la bwana wake. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, hati za uhuru zikagawiwa. Fikiria mstari ule wa watu: mmoja mmoja anaitwa kwa jina, anasogea, anapokea karatasi asiyoweza kuisoma, anaikunja. Kwa kanuni za CMS hawakupaswa hata kuwa pale. Bila Jones kuzivunja kanuni hizo kwa miaka, Mackenzie asingekuwa na mtu wa kumpa hati Rabai.

Sherehe hiyo haikumaliza utumwa. Kampuni ilitangaza kwamba kuanzia hapo mtoro atarudishwa au ajikomboe, na Kapteni Frederick Lugard, ambaye baadaye angejulikana Uganda na Nigeria, alianza kazi zake Kenya kwa kuhangaika na mpango wa watoro kujinunua kwa kibarua. Hali ya utumwa kisheria ilifutwa pwani ya Kenya mwaka 1907.

Na Jones? Alikaa shemasi miaka kumi. Msomaji asiye Mwanglikana atauliza shida iko wapi. Shemasi huhubiri, hubatiza, huzika, hufundisha, lakini hawezi kubariki mkate na divai wala kutamka ondoleo la dhambi. Maana yake ni kwamba mtu aliyelea mkusanyiko mkubwa kuliko wote katika pwani yote ya CMS alilazimika kungoja Mzungu apande kilima ndipo watu wake washiriki Meza ya Bwana. Yeye na Semler walipata ukasisi mwaka 1895, kwa mikono ya Askofu Alfred Tucker, aliyewaelewa Waafrika kuliko wamisionari wengi waliokuwa chini yake. Mvutano ulikuwa umekwisha kuzama ndani: Wabombei walilalamikia mishahara, heshima na madaraka, na wamisionari vijana waliokuja na mawazo mapya kuhusu rangi waliona suruali zao na Kiingereza chao kuwa kiburi. Wenye elimu wengi wakaondoka. Kampuni, kisha serikali ya Himaya, kisha reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kupita Mazeras, karibu na Rabai, zote zilihitaji makarani na wakalimani, na zote zililipa vizuri kuliko misheni.

Kwa hiyo tukitafuta matunda ya kituo hiki tusiangalie kilimani peke yake. Shule ya makasisi iliyoanza Frere Town ilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's. Kutoka jamii ya mateka wa Frere Town alitoka James Juma Mbotela, mwalimu aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kiswahili. Wapo wanaokilaumu kitabu hicho kwa kuwapaka rangi nzuri mno Waingereza, na lawama hiyo ina msingi. Lakini ni mwana wa mateka aliyeandika, kwa lugha iliyowaunganisha Wayao, Wanyasa na Wamakua ambao hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Mwanawe, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, aliiuliza Kenya nzima kwa miaka mingi redioni: Je, huu ni ungwana? Mjukuu wa mtumwa ndiye aliyekuwa akiwauliza Wakenya kuhusu uungwana, na sidhani kama wasikilizaji wengi walilitambua hilo.

Huko Rabai kwenyewe, watoro waliooana na Warabai walizama katika wenyeji, na leo ukiwauliza vijana wa pale nani babu yake alikuja na hati ya Mackenzie, wengi hawatakujibu, wengine kwa kutojua, wengine kwa kutotaka. Kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa miaka hiyohiyo ya 1880 wakati Jones akiwa kazini, lingali na ibada. Nyumba ya Krapf na ya Rebmann ziko hatua chache, na mbele kidogo unaanza msitu wa kaya wa Warabai, sehemu ya zile kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi huonyeshwa Krapf, Rebmann na kaya kwa asubuhi moja. Nafasi ya kuwaonyesha orodha ya walioitwa majina tarehe 1 Januari 1889 ipo, ukuta upo, na wajukuu wa waliokuwa katika mstari ule wanaishi hapohapo kijijini, wengine wanaimba kwaya ya Jumapili.